Kurudisha Jina la Odeta

Mzee Luhaga alifariki Jumanne asubuhi, mwezi wa tatu mwaka 2024, akiwa amekaa kwenye kiti chake nje ya nyumba akisubiri uji. Majirani walisema amekufa kifo kizuri, na kwa mtu wa miaka themanini na saba aliyechunga ng'ombe maisha yake yote bila kulazwa hospitali hata siku moja, sioni kwa nini wabishiwe. Binti yake wa kwanza alipigiwa simu akiwa zamu katika wodi ya wazazi ya hospitali moja jijini Mwanza. Alivua glavu, akanawa mikono, akaenda chooni akalia kidogo kama wanavyolia manesi, yaani kwa kuangalia saa. Kisha akaenda ofisi ya utumishi kuomba ruhusa ya msiba.

Afisa utumishi, kijana mpole aitwaye Jonathan, alimpa pole, akamvutia kiti, akafungua faili lake. Akasoma, akarudia kusoma. Halafu akamwambia kwa sauti ya chini, kama mtu anayemstahi mwenzake aliyesahau kufunga zipu, kwamba kwa kumbukumbu za ofisi baba yake, Mzee Mashimba, alifariki mwaka 2003, na siku za kumzika alipewa, na barua ipo. Hakuna aliyekosea. Barua ilikuwepo kweli, na sahihi iliyokuwa chini yake ilikuwa ya kwake mwenyewe.

"Sista," alisema Jonathan, "baba huwa anafariki mara moja."

Angeweza kueleza. Maelezo alikuwa nayo, tena ya miaka thelathini na saba, lakini si maelezo ambayo mtumishi wa serikali anayatoa akiwa na machozi mbele ya faili lililofunguliwa. Kwa hiyo akasema neno la kumwokoa pale pale, neno ambalo baadaye lilimkaa kooni kama mwiba wa sato. Alisema huyu aliyefariki ni baba mdogo. Jonathan akaandika "baba mdogo" kwenye fomu, akampa siku mbili, na mwanamke huyo akaenda kumzika baba yake mzazi kwa ruhusa ya kumzika baba mdogo.

Sasa, tusije tukapotezana, niseme mapema kwamba mama huyu ana majina mawili. Kwenye vyeti, kwenye kitambulisho cha taifa, kwenye barua ya ajira, kwenye cheti cha ndoa na kwenye kibandiko cha kifuani anaitwa Odeta Mashimba. Lakini mtoto aliyezaliwa kwa Mzee Luhaga mwaka 1972 aliitwa Minza. Nami nitamwita Minza, kwa kuwa ndilo jina lake na amelihangaikia vya kutosha.

Watu wa umri wake hawahitaji kuelezwa ilivyokuwa. Miaka ile mtihani wa darasa la saba uliufanya mara moja tu, ukifeli umefeli, na kurudia ilikuwa marufuku. Ila sisi tukiambiwa mlango umefungwa huwa tunakwenda kuangalia dirisha. Dirisha lenyewe lilikuwa majina. Kila shule ilikuwa na mtoto ambaye jina lake limeshapelekwa wilayani kwa ajili ya mtihani, halafu mwenyewe hayupo tena: ameozwa, amepelekwa machungani, au wazazi wamehama. Mwalimu mkuu hakupenda kiti kibaki wazi. Basi aliyefeli kijiji cha jirani aliletwa kimya kimya, akakalia kile kiti, akajifunza kuitika jina lile, akafanya mtihani. Akifaulu, jina halivuliki tena. Anakwenda nalo sekondari, chuoni, kazini na kanisani. Tunao watu wazima wengi, wenye vyeo vyao na miwani yao, wanaoitika majina ya watoto waliokwenda machungani.

Minza alifeli mwaka 1986. Katika kijiji cha pili, kando ya ziwa upande wa Magu, Odeta binti Mashimba alikuwa wa kwanza darasani na alikuwa amemzidi Minza umri kwa mwaka mmoja, maana alichelewa kuanza shule. Huyu hakuozwa wala hakuhama. Mwezi wa sita mwaka 1987 alishikwa na homa ya uti wa mgongo, na siku ya tatu akafa. Matanga yalikuwa bado hayajaanuliwa mwalimu mkuu alipofika pale nyumbani akifuatana na Mzee Luhaga, rafiki wa Mashimba wa siku nyingi, wote wawili kofia mkononi, wakaomba jambo ambalo ni aibu kuliomba. Mashimba alimwita mkewe, Bernadeta.

Bernadeta wakati huo alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na sita ambaye hakuwa amekula kitu tangu siku ya mazishi. Aliwasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja. Alitaka kujua kama huyo mtoto wao anapenda shule au anasukumwa. Luhaga akasema anaipenda mpaka anakera. Bernadeta akasema basi, achukue.

Minza akahamia kwa Mashimba miezi mitatu. Alivaa sare za marehemu, sketi ikimwishia juu ya magoti kwa kuwa alikuwa mrefu kumzidi, akalala kwenye kitanda chake, akala kwenye sahani yake. Wiki ya kwanza Bernadeta alishindwa kumwita kwa jina lolote. Wiki ya pili mwalimu mkuu akaja kusisitiza kwamba mtoto lazima alizoee jina, asije akajisahau mbele ya msimamizi, na Bernadeta akaanza. Odeta, lete maji. Odeta, amka kumekucha. Kila alipoita alifumba macho kidogo. Minza alikuwa na miaka kumi na mitano, aliliona hilo, na nafikiri siku hizo ndipo alipoanza kumpenda. Mama yake mzazi alipofariki, mwaka 1995, Bernadeta ndiye aliyebaki kuwa mama, naye Minza akamwita Mayu, kama Wasukuma wote wanavyowaita mama zao.

Hata sasa ilikuwa hivyo. Mashimba alishafariki, Bernadeta alikuwa na miaka sabini na mitatu, akiishi Kiseke nyumbani kwa mwanawe Antoni, na kila Jumapili ya pili Minza alitoka kwake Mabatini akiwa na samaki mkononi na mashine ya kupimia presha kwenye mkoba. Walipima presha, wakagombana kuhusu chumvi, wakala. Hakuna siku waliyowahi kukaa wakazungumza habari za jina. Lilikuwepo tu, kama paa la nyumba, na hakuna anayekaa mezani akazungumza habari za paa kama halivuji.

Baada ya arobaini ya Mzee Luhaga, Minza alimwambia mumewe kwamba anataka kurudi kuitwa kwa jina la baba yake, kisheria, na mihuri yote. Mumewe ni Kahigwa, Mhaya wa Muleba aliyestaafu kazi ya bandarini, mtu ambaye hawezi kumeza habari nzito bila kwanza kuitania. Alisema padri alimfungisha ndoa na Odeta, kwa hiyo siku akikutwa sebuleni na mwanamke aitwaye Minza asilaumiwe. Alipoona mkewe hacheki, akaacha utani, akamuuliza kama amefikiria kazini. Minza alikuwa amefikiria. Alikuwa amefikiria sana ule mwaka walipohakiki vyeti vya watumishi wote na yeye akapungua kilo sita bila dawa. Lakini mtu akishamwandika baba yake kuwa baba mdogo, alisema, hofu nyingine zote zinakuwa ndogo.

Wakili waliyemwendea alikuwa binti wa Kihaya, Kemilembe, mwenye ofisi Mkuyuni, ghorofani, juu ya duka la rangi. Aliwaamkia shikamoo, akawasikiliza bila kuandika, na Minza alipomaliza akamwambia kwamba hajasikia kosa la kumnyima mtu jina la baba yake. Kuna maswali utaulizwa, alisema, na utayajibu. Ila kila mtihani uliufanya kwa kichwa chako na kila mtoto umemzalisha kwa mikono yako. Akawaeleza njia: inaandikwa hati ya kubadili jina, unaapa, unasaini, inasajiliwa kwa Msajili wa Hati, inatangazwa kwenye Gazeti la Serikali, na baada ya hapo unazunguka nayo ofisi kwa ofisi, kuanzia ya kitambulisho mpaka ya mwajiri. Tena kwa mwajiri, alisema, ni afadhali kwenda mwenyewe kabla hujaitwa.

Kitu kimoja tu alikidai cha ziada, na alisema ni utaratibu wake yeye, hapendi hati yenye mguu mmoja. Alitaka kiapo cha mtu mzima aliyemjua Minza tangu akiitwa Minza, na aliyekuwepo siku alipoanza kuitwa Odeta. Minza akahesabu. Baba marehemu, mama marehemu, mwalimu mkuu marehemu, Mashimba marehemu. Wadogo zake walikuwa bado wananyonya au hawajazaliwa.

"Hakuna aliyebaki?" aliuliza wakili.

"Yupo mmoja," alisema Minza. "Ni mama wa mwenye jina."

Waliporudi nyumbani alimweleza mumewe kinachomsumbua, na alikisema chote bila kukizungusha. Miaka thelathini na saba yule mama ana Odeta anayetembea, anayekula, anayemletea samaki. Akivua jina hili, atakuwa amemzika yule mtoto mara ya pili, na safari hii mama yake akiwa mzee. Na yeye Minza atakuwa nani pale Kiseke, nesi wa kupima presha? Alitaka jina la baba yake kama mtu mwenye kiu anavyotaka maji, na hakutaka kumpoteza mama kwa sababu hiyo. Kahigwa, safari hii bila utani, akasema yeye hajui, ila anajua kwamba kiapo hakiwezi kuletwa na mtu asiyeombwa.

Jumapili ya kwanza Minza alifika Kiseke amejiandaa kabisa. Akakuta kina mama wa jumuiya wamejaa sebuleni, na kabla hajakaa Bernadeta akamshika mkono akawatambulisha: huyu ndiye Odeta wangu, nesi, aliyewazalisha nusu ya Mwanza. Wakampigia makofi. Minza akatabasamu, akapika samaki, akarudi Mabatini na neno lake.

Jumapili yake iliyofuata presha ya Bernadeta ilikuwa juu, mia na sabini, na Minza akajiambia kwamba nesi hampi mgonjwa wa presha habari mbaya. Ni sababu nzuri kitabibu. Alimkemea kuhusu chumvi kwa ukali kuliko siku zote, akaondoka mapema.

Jumapili ya tatu mambo yalimharibikia, kwa kuwa presha ilikuwa nzuri, mvua iliwazuia wageni, na Antoni na mkewe walikuwa wamekwenda Sengerema kwenye kipaimara. Hakukuwa na kisingizio hata kimoja. Basi akaosha vyombo. Akaosha vilivyotumika, kisha akaanza kuviteremsha kabatini visivyotumika, akavisugua na kuvipanga. Bernadeta alimtazama kutoka kwenye kigoda chake muda mrefu.

"Vyombo vimetakata," alisema. "Kaa useme."

Akakaa, na akasema vibaya. Alianzia mwisho badala ya mwanzo. Alisimulia habari za faili na Jonathan, na jinsi baba yake alivyozikwa kwa siku mbili za ruhusa. "Nimemwandika baba yangu kuwa baba mdogo, Mayu," alisema, na hapo akalia, si kilio cha chooni cha kuangalia saa. Alilia mpaka kanga ikalowa. Halafu akamalizia yaliyobaki, wakili, hati, kiapo, na mwisho kabisa akaomba: "Naomba uniruhusu nilirudishe jina."

Mvua ilikuwa inapiga bati. Minza alimwangalia macho, akisubiri yafumbe kama yalivyokuwa yakifumba zamani, na hayakufumba.

"Ukilirudisha," aliuliza Bernadeta, "litakuwa la nani?"

"La Odeta."

"Peke yake?"

"Peke yake, Mayu."

Bernadeta akashusha pumzi. Akaanza kuzungumza taratibu, mikono yake imekaa mapajani, na alivyozungumza alionekana kama mtu anayetua mzigo wa kuni. Alisema kila mwaka, mwezi wa kumi na moja ukikaribia, waumini wanaandika majina ya marehemu wao kwenye karatasi, wanayapeleka parokiani, na siku ya Marehemu Wote padri anayasoma madhabahuni. Yeye hajawahi kukosa. Ameandika baba yake, mama yake, dada zake, wakwe zake, na tangu mwaka 2003 anamwandika Mashimba.

"Odeta sijamwandika hata mara moja," alisema. "Ningemwandikaje? Wewe ulikuwa unatembea na jina hilo barabarani. Padri asome Odeta Mashimba apumzike kwa amani, na wewe uko wodini? Niliogopa nitakuua. Kila nikitaka kumwombea aliyekufa, naona namtabiria kifo aliye hai."

Na msalaba wa kaburini je? Msalaba mwalimu mkuu alikuwa amewaonya wasiuandike jina, wasije wakaguzi wakapita njia ile wakausoma. Wakaweka msalaba wa mti mtupu. Ule ulipooza, Mashimba akamwaga wa sementi, mtupu vilevile. Mpaka leo watu wa kule wakiuliza lile kaburi ni la nani, Bernadeta husema ni la mtoto, na hawaulizi zaidi.

Minza alimuuliza kwa nini hakusema siku zote hizo. Bernadeta akamshangaa. "Nikuombe jina? Si ningekuwa nakuomba kazi yako, mwanangu. Nikasema nitakufa nalo, Mungu anajua ninamlilia nani."

"Na mimi niliogopa nikilivua nitakuumiza wewe," alisema Minza.

Wakatazamana. Kisha, nasikia, wakaanza kucheka, kicheko kile kibaya kinachokuja na machozi na kamasi, hata kuku waliojikinga mvua barazani wakatoka wenyewe. Na mimi ningecheka. Mficha uchi hazai: Minza huwaambia hivyo wajawazito kila siku, asubuhi na jioni, wakimficha dalili, na yeye mwenyewe amekaa na yule mama miaka thelathini na saba, kila mmoja amemfichia mwenzake kilicho moyoni kwa upendo mpaka karibu wafe nacho. Upendo nao una ujinga wake.

Walipotulia, Bernadeta alikuwa na jambo moja la kuuliza, na aliliuliza huku akitazama mvua, kama kwamba si kitu. Alitaka kujua kama binti wa Luhaga, akishakuwa wa Luhaga kisheria, Kiseke atapakumbuka. Minza alimjibu kwamba binti wa Luhaga atakuja Jumapili ya pili saa nne, na akikuta chumvi mezani ataimwaga.

Wiki iliyofuata Bernadeta alipanda ngazi za juu ya duka la rangi amevaa kitenge chake cha Pasaka. Alimtaka Kemilembe amsomee kila karatasi kwa sauti, pole pole, na wakili akasoma. Alipofika mahali ambapo Minza alikuwa anatamka kuliacha na kulikataa kabisa jina la Odeta Mashimba, Bernadeta akainua mkono. Hapo pamekosewa, alisema. Jina halijakataliwa, limerudishwa. Wakili akamweleza kwa heshima zote kwamba ndivyo sheria inavyosema katika hati kama hizi. Bernadeta akasema sheria haikuwepo mwaka themanini na saba yeye alipolitoa, kwa hiyo haiwezi kujua. Mwishowe walipatana: hati ya Minza ikabaki na maneno ya sheria, na kiapo cha Bernadeta, kwa kuwa ni maneno yake mwenyewe, kikaandikwa anavyotaka. Kiapo hicho kinasema kwamba mtoto wake Odeta alifariki tarehe 14 Juni mwaka 1987, kwamba yeye mama yake alimpa Minza binti Luhaga jina hilo alitumie kwa kusomea, na kwamba amelitumia vizuri na sasa amelirudisha.

Neno "alifariki" Bernadeta hakuwahi kulisikia likisomwa ofisini karibu na jina la mwanawe. Alimwomba Kemilembe alirudie. Kisha akasaini kwa mkono wake, herufi moja moja, akikataa wino wa dole gumba, maana darasa la nne alimaliza. Kemilembe alipopiga mhuri alilazimika kuinama kutafuta kitu kwenye droo, akachelewa kuinuka.

Usajili ulichukua wiki kadhaa, na kuzungukia ofisi kulichukua miezi, na sitawachosha nayo, mnazijua foleni zetu. Kazini maswali yaliulizwa kweli, kikao kikakaa, Minza akaeleza kila kitu akiwa amesimama, wakampa barua ya onyo na kumwambia arudi wodini kwa kuwa wajawazito wanasubiri. Jonathan akabadilisha jina kwenye faili. Alipomaliza, Minza akamwomba atafute ile fomu ya mwezi wa tatu na pale palipoandikwa "baba mdogo" akate neno la pili. Jonathan akamwambia siku zile mbili zimeshatumika, kubadilisha hapo hakutamwongezea kitu. Minza akasema anajua. Kijana akamtazama, akachukua kalamu, akakata neno "mdogo" kwa mstari mmoja ulionyooka, akaweka sahihi yake pembeni na tarehe.

Kilichobaki ni mazoea. Wodini walimwita Odeta akaitika, wakacheka, akacheka nao. Kahigwa alitangaza kwamba anaishi na mke mpya na yule wa zamani hajui. Ila Bernadeta hakumwita Odeta tena, wala hakumwita Minza. Alimwita "wewe", akamwita "nesi", siku nyingine aligonga tu meza akitaka chumvi. Minza alikumbuka ile wiki ya kwanza ya mwaka 1987, akanyamaza. Lakini moyoni ilimuuma, na alimwambia mumewe hivyo, kwamba huenda jina limerudi na mama amekwenda nalo.

Tarehe mbili Novemba ilikuwa Jumamosi. Kanisa la Kiseke lilijaa mpaka nje, na Minza aliketi kwenye benchi la tatu, Bernadeta kulia kwake, Kahigwa kushoto. Mwaka huu karatasi ya Bernadeta ilikuwa imeandikwa na Minza mwenyewe kwa kuambiwa, jina kwa jina. Kwenye orodha Bernadeta alikuwa amemtaka amwandike na Mzee Luhaga, ambaye maisha yake yote hakuwahi kuingia kanisani isipokuwa siku ya harusi ya binti yake, tena akakaa karibu na mlango. Minza aliposema baba hakuwa Mkristo, Bernadeta alimwambia asimfundishe Mungu kazi.

Padri alisoma familia baada ya familia kwa sauti ile ile, bila kupumzika, na watu walikuwa wanasikiliza huku wakisubiri ya kwao. Akafika kwao. Akasoma wazazi wa Bernadeta, akasoma dada zake, akasoma Mashimba, akasoma Luhaga. Minza aliposikia jina la baba yake kanisani akainamisha kichwa, na akiwa bado amekiinamisha padri akasoma jina lililofuata.

"Odeta Mashimba."

Miaka thelathini na saba si mchezo. Kwenye mtihani waliliita akaitika, sekondari wakaliita akaitika, chuoni, kwenye zamu, madhabahuni siku ya ndoa. Kabla akili haijafika, miguu ya Minza ilikuwa imeshamwinua nusu kutoka kwenye benchi na mdomo wake umefunguka kujibu. Watu wa nyuma waligeuza macho. Ndipo akausikia mkono wa Bernadeta umemshika juu ya kiwiko, mkono wa mzee lakini wenye nguvu, ukimvuta chini.

"Kaa, Minza," alisema Bernadeta. "Anaitwa dada yako."

Minza akakaa.